IL-2 1946 ukiwa Dodoma: kuunganisha ko-op ya gemu ya zamani kwenye intaneti ya leo

IL-2 Sturmovik, gemu ya kurusha ndege za Vita vya Pili vya Dunia, ilitoka mwaka 2001, na toleo la 1946 lililokusanya ndege na ramani zote likafuata mwaka 2006. Inakimbia vizuri kwenye laptopu ya mtumba, na misheni zake za ko-op, ambapo kundi zima linaruka kazi moja pamoja, bado ni tamu. Kinachokera ni kuunganisha. Mmoja yuko Nkuhungu, mwingine Ilazo, wa tatu hosteli za UDOM. Wote wana intaneti inayofungua video bila kukwama, lakini gemu inagoma kuiona seva. Watu wanaongeza bando, wanabadilisha laini, wanafuta gemu na kuisakinisha upya, na tatizo linabaki pale pale kwa sababu halikuwa huko.

Kwa nini inagoma

Katika ko-op ya IL-2 hakuna kompyuta ya kampuni inayokaa katikati. Mchezaji mmoja anakuwa mwenyeji: kompyuta yake inafungua poti 21000 ya UDP, yaani mlango wa kupokelea data, na kusubiri. Wageni wanaandika anwani ya IP ya mwenyeji na kuifuata moja kwa moja. Watengenezaji waliamini kwamba kompyuta ya nyumbani ina anwani yake ya hadharani, na mwaka 2001 hilo lilikuwa jambo la kawaida.

Leo ukitumia laini ya simu, na hata baadhi ya laini za nyumbani, kampuni ya mtandao inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya hadharani. Utaratibu huo unaitwa CGNAT. Ni kama nyumba ya kupanga yenye geti moja na mlinzi: ukitoka mwenyewe anakukumbuka ukirudi, lakini mgeni anayekuja kukuulizia bila namba ya chumba anaishia getini. Kutembelea tovuti ni kutoka na kurudi, kwa hiyo hakuna shida. Kuwa mwenyeji wa IL-2 ni kusubiri mgeni, na mgeni hafiki.

Wakongwe watakuambia mambo yalikuwa rahisi enzi za programu ya HyperLobby. Kweli ilikutanisha watu na kuwapa anwani ya mwenyeji bila kuandikiana namba, lakini geti lililofungwa haikulifungua. Mwenyeji asiyefikika alibaki hafikiki.

Jipime hivi. Fungua ukurasa wa ruta yako na utafute anwani ya IP ya upande wa intaneti, ambayo ruta nyingi huiita WAN. Kisha fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya nje. Zikilingana, una anwani ya hadharani: elekeza poti 21000 ya UDP kwenye kompyuta ya mwenyeji na unaweza kuruka sehemu ya mtandao pepe hapa chini. Zikitofautiana, na hasa kama ya ruta inaanza na 10 au iko kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT. Kuelekeza poti hakutasaidia kitu hata ukifanya kwa usahihi wote, kwa sababu geti linalokuzuia si la ruta yako.

Na bando liacheni. Gemu hii ilitengenezwa ili iweze kuchezwa hata kwa modemu ya 56K. Modemu hiyo ikijaa kabisa inabeba kilobiti 56 kwa sekunde, yaani baiti 7,000, ambazo ni kama MB 25 kwa saa. Kinachoua ko-op ni pakiti (vipande vya data) zinazochelewa kwa kiwango kisichotabirika na pakiti zinazopotea. Spidi kubwa kwenye programu ya kupima haikuambii lolote kuhusu hayo mawili.

Anza na chumba kimoja

Hatua hii watu wanairuka, kisha wanapoteza wiki nzima. Kabla hujagusa intaneti, hakikisha kompyuta mbili zinaruka pamoja zikiwa meza moja. Ikifanikiwa, kila hitilafu itakayotokea baadaye ni ya mtandao, si ya gemu.

Unahitaji swichi ndogo ya poti 5 na waya wa Cat5e kwa kila kompyuta. Swichi ya Mbps 100 inatosha na kusaza. Waya unaweza kufika mita 100, kwa hiyo hata nyumba mbili za uwanja mmoja zinaunganishika bila intaneti kabisa. Kama kundi lenu lote linakaa hosteli moja au mtaa mmoja, ishieni hapa. Hakuna njia nyingine katika mwongozo huu itakayowapa muunganisho mzuri kuliko waya.

1. Sakinisha gemu nje ya folda ya Program Files, mfano `C:\Michezo\IL2`. Windows hulinda Program Files: faili la `conf.ini` likiwa mle, mara nyingi gemu huandika na kusoma nakala iliyofichwa ndani ya folda ya VirtualStore. Unahariri faili moja, gemu inasoma jingine.

2. Hakikisheni toleo ni lile lile hadi namba ya mwisho. Mwenye 4.12 hawezi kuingia kwa mwenye 4.13. Kwa wanaotumia modi (nyongeza za gemu zisizo rasmi), kifurushi cha modi pia kiwe kimoja. Njia fupi ni mmoja kunakili folda yake nzima iliyosasishwa kwenye flashi na kuwapa wenzake ambao nao wameinunua gemu.

3. Wapeni kompyuta anwani za mkono kwenye mipangilio ya adapta ya waya: 192.168.50.1 kwa mwenyeji, 192.168.50.2 kwa mgeni wa kwanza, na kuendelea. Barakoa ya mtandao (subnet mask) ni 255.255.255.0. Sehemu ya geti la mtandao (gateway) iacheni tupu.

4. Fungua faiawoli. Swichi isiyo na intaneti Windows huichukulia kama mtandao wa hadharani, na hapo huzuia karibu kila kinachoingia. Fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike amri hizi mbili, kila moja kwa mstari wake:

`netsh advfirewall firewall add rule name="IL2" dir=in action=allow protocol=UDP localport=21000`

`netsh advfirewall firewall add rule name="Pingi" dir=in action=allow protocol=icmpv4:8,any`

Ya kwanza inafungulia gemu. Ya pili inaruhusu kompyuta ijibu pingi, yaani ujumbe mfupi wa kupima kama inafikika, maana bila hiyo utadhani mtandao umekufa kumbe mwenzako amezuiwa kujibu. Programu nyingine za kuzuia virusi zina faiawoli yao, na hiyo haisikilizi amri za Windows. Iongezee `il2fb.exe` kwenye orodha yake ya zinazoruhusiwa.

5. Kutoka kwa mgeni andika `ping 192.168.50.1`. Jibu liwe chini ya milisekunde 1. Kisha mwenyeji afungue seva ya ko-op, mgeni aandike anwani hiyo na poti 21000, na mruke misheni fupi mpaka mwisho.

Waifai ya ruta inaweza kutumika badala ya swichi, ila baadhi ya ruta huzuia vifaa vya waifai visionane. Hotspoti ya simu nayo hukubali siku moja ikagoma siku nyingine. Kwa jaribio hili la kwanza tumia waya.

Faili la conf.ini

Liko ndani ya folda ya gemu. Lihariri gemu ikiwa imefungwa, kwa sababu gemu huandika upya faili hilo inapozimwa na mabadiliko yako yatafutika. Tafuta sehemu ya `[NET]`.

`localPort=21000` na `remotePort=21000` ziache zilivyo.

`localHost=` kwa kawaida ni tupu. Hapa ndipo wengi wanakwama. Kompyuta ya leo ina adapta nyingi: waya, waifai, Bluetooth, na ile ya mtandao pepe utakayoongeza. Gemu haijui ishike ipi, na mara nyingi inashika isiyofaa. Mwenyeji aandike hapa anwani ya adapta itakayotumika, mfano `localHost=192.168.50.1`. Ubaya wake ni kwamba siku adapta hiyo ikiwa imezimwa, seva itakataa kufunguka na gemu haitaeleza sababu. Kila mnapohama kutoka swichi kwenda mtandao pepe, mstari huu ubadilishwe.

`serverChannels=` ni idadi ya wageni mwenyeji anaoweza kuwapokea. Ikiwa 8, mgeni wa tisa atabaki nje.

`speed=` ni kasi ambayo gemu inajiruhusu kutuma. Nakala nyingi zina 5000. Kwenye waya pandisha hadi 25000. Kwenye laini ya simu anza na 5000 na upande hadi 10000 kama pakiti hazipotei. Kuweka namba kubwa kwenye laini dhaifu hakuongezi ulaini. Kunajaza foleni ya kutuma na kuchelewesha kila kitu kilicho nyuma yake.

`SkinDownload=` iweke 0. Rangi za ndege ni picha za BMP za nukta 1024 kwa 1024, kila moja karibu MB 1. Wachezaji sita wenye rangi zao binafsi wakianza kutumiana, mwenyeji anasukuma makumi ya MB kupitia kasi ndogo ileile, na watu wanatolewa kabla misheni haijaanza. Kama rangi ni muhimu kwenu, zinakilini kwa flashi kabla ya siku ya kuruka.

Chini kuna `checkServerTimeSpeed`, `checkClientTimeSpeed` na `checkTimeSpeedDifferense`. Neno la mwisho watengenezaji walikosea herufi. Usilisahihishe, gemu haitalitambua. Mistari hii hulinganisha mwendo wa saa kati ya mwenyeji na mgeni ili kumkamata mdanganyifu. Laptopu iliyopata joto kupita kiasi inaweza kunaswa humo bila kosa. Kwa kundi la marafiki, weka mbili za mwanzo ziwe 0.

Halafu sehemu ya `[MaxLag]`. `nearMaxLagTime=2.0` ni sekunde ambazo mchezaji aliye karibu na wenzake anavumiliwa akichelewa, na `farMaxLagTime=10.0` ni kwa aliye mbali. Laini ya simu ikibadilisha mnara inaweza kunyamaza zaidi ya sekunde 2. Mwenyeji apandishe ya kwanza hadi 6.0 na ya pili hadi 20.0. Ndege ya mwenzenu itaruka kama panzi kwa muda kidogo, lakini hatatolewa.

Mtandao pepe

Kwa kuwa gemu haitabadilika, tunaibadilishia mazingira. Programu ya mtandao pepe inaipa kila kompyuta adapta ya bandia yenye anwani ya faragha, na gemu inaamini wote wako kwenye swichi moja. Kila kompyuta ndiyo inayotoka kwanza kwenda nje, kwa hiyo geti la CGNAT haliizuii.

Kuna jambo la sheria hapa. Oktoba 2023 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilitangaza kwamba watu na kampuni wanaotumia VPN (mtandao pepe) watoe taarifa za matumizi hayo, pamoja na anwani za IP, kufikia tarehe 30 mwezi huo, kwa kusimamia kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020. Mtandao pepe wa gemu haufungui tovuti yoyote iliyozuiwa, lakini kitaalamu ni VPN. Toeni taarifa kwanza. TCRA ina ofisi ya Kanda ya Kati hapa hapa Dodoma.

Zipo programu kadhaa. Hamachi ya bure inaishia watu 5 kwa mtandao mmoja. Radmin VPN ni rahisi kwa asiyependa mipangilio, ila haikuambii mengi mambo yakiharibika. ZeroTier na Tailscale zinaonyesha wazi kama mmeunganishwa moja kwa moja au mnapitia kwa mtu wa tatu, na habari hiyo moja ina thamani kuliko menyu zote za kupendeza. Chagueni moja kati ya hizo mbili.

Kwa ZeroTier: mmoja anafungua akaunti na kutengeneza mtandao, anapata namba ya utambulisho yenye herufi 16. Wengine wanasakinisha programu na kuingiza namba hiyo. Mwenye mtandao lazima amkubali kila mmoja kwenye ukurasa wake; mgeni asiyekubaliwa ataona programu inafanya kazi lakini hana anwani. Wote wakishapata anwani, pigianeni pingi. Mwenyeji anaiweka anwani yake mpya kwenye `localHost`, na wageni wanaandika hiyo hiyo wanapojiunga.

Sasa angalia njia. Andika `zerotier-cli peers`: mbele ya mwenzako unataka kuona DIRECT. Ukiona RELAY, pakiti zenu zinapitishwa kwenye seva ya mbali. Kwa Tailscale andika `tailscale ping` na jina la kompyuta ya mwenzako. Jibu likiwa na "via DERP" mnapitia kwa mpokezi, yaani seva ya mbali kama hiyo, na kifupisho cha mji kinaandikwa hapo: nai ni Nairobi, jnb ni Johannesburg, fra ni Frankfurt.

Umbali si jambo la kupuuza. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo unakwenda karibu kilomita 200 kwa milisekunde. Dodoma hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,500 kwa mstari ulionyooka, hivyo kwenda na kurudi ni angalau milisekunde 65. Ukipitia mpokezi wa huko, pakiti inatoka Nkuhungu, inafika Ujerumani, inarudi Ilazo, na jibu linazunguka tena vilevile: milisekunde 130 kabla hujahesabu ruta hata moja, na nyaya za baharini hazinyooki. Watu wawili wanaoweza kuonana kwa pikipiki ndani ya dakika kumi wanarushiana risasi kupitia Ulaya. Ndege iliyo mbele yako mita 200, ikikata kona kwa kilomita 400 kwa saa, inasogea zaidi ya mita 14 ndani ya muda huo.

Kwa nini wengine wanapata njia ya moja kwa moja na wengine hawapati? Inategemea namna geti la kampuni linavyogawa poti. Endesha `tailscale netcheck` na uangalie mstari wa MappingVariesByDestIP. Ukisema false, geti lako ni laini, yaani rahisi kupitika. Ukisema true, ni gumu. Magumu mawili hayaonani, yataishia kwa mpokezi. Geti gumu moja na geti laini moja mara nyingi hufaulu. Kwa hiyo kila mmoja aendeshe amri hiyo, na mwenyeji awe mwenye geti laini, hata kama si yeye mwenye kompyuta kali. Katika wote mkikosa hata mmoja, jaribuni laini za kampuni nyingine kabla ya kulipia seva.

Seva ya kukodi, kama mna mageti magumu mengi

Seva pepe ya Linux yenye RAM ya GB 1 inatosha, kwa sababu inasafirisha pakiti tu, gemu haiendi juu yake. Kinachotakiwa ni iwe karibu. Dar es Salaam ndiyo bora: ni kama kilomita 450 kwa barabara, na ndipo nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zinapotua na ndipo kituo cha kubadilishana mitandao cha TIX kilipo. Nairobi inafuata. Seva ya bei poa ya Ulaya inakurudisha kwenye hesabu ya Frankfurt.

Sakinisha WireGuard, programu ya mtandao pepe. Faili la seva:

```
[Interface]
Address = 10.77.0.1/24
ListenPort = 51820
PrivateKey = ufunguo wa siri wa seva

[Peer]
PublicKey = ufunguo wa wazi wa mchezaji
AllowedIPs = 10.77.0.2/32
```

Kila mchezaji ana sehemu yake ya `[Peer]` na namba yake: .2, .3, .4. Namba ikijirudia, wawili hao watakuwa wanapokonyana muunganisho. Faili la mchezaji:

```
[Interface]
Address = 10.77.0.2/24
PrivateKey = ufunguo wa siri wa mchezaji
MTU = 1380

[Peer]
PublicKey = ufunguo wa wazi wa seva
Endpoint = anwani ya seva:51820
AllowedIPs = 10.77.0.0/24
PersistentKeepalive = 25
```

Mifano mingi mtandaoni ina `AllowedIPs = 0.0.0.0/0`. Usiifuate: inapitisha intaneti yako yote kwenye seva, pamoja na masasisho ya Windows na video za nduguyo wa chumba cha pili. Sekunde 25 za mwisho zinalifanya geti la CGNAT likukumbuke. Ukiziondoa, muunganisho unakufa kimyakimya watu wakiwa bado wanachagua ndege.

Kwenye seva washa `net.ipv4.ip_forward=1`, fungua poti 51820 ya UDP, na kama unatumia ufw (faiawoli ya Linux) ongeza `ufw route allow in on wg0 out on wg0`. Ukisahau hilo la mwisho, kila mchezaji ataipata pingi ya seva lakini hatampata mwenzake.

Seva hiyohiyo inaweza kubeba Mumble kwa mazungumzo, poti 64738 ya TCP na UDP. Simu ya kundi nayo inafaa, ila ikitumia laini ileile inakula nafasi ya gemu.

Misheni yenyewe

Ko-op ya IL-2 haina mlango wa kuchelewa. Mwenyeji akishaanzisha, hakuna anayeingia, na anayekatika anasubiri misheni ijayo. Mwenyeji akikatika, imekwisha kwa wote. Huo ndio uzee wa gemu unaouma zaidi, na hakuna mpangilio wa kuuondoa. Unachoweza ni kutengeneza misheni inayouvumilia.

Ziwe fupi, dakika 25 hadi 35. Misheni ya saa mbili ikimpoteza mtu dakika ya kumi, usiku wake umeisha. Anzeni hewani, kilomita 40 au 50 kutoka kwenye lengo. Kuanzia uwanjani kunapendeza, lakini ndege zikiwa zimepangwa karibu karibu, mtu akichelewa nusu sekunde kwenye mtandao anaonekana kamgonga jirani.

Ndege zinazoendeshwa na kompyuta zinahesabiwa na mwenyeji, kisha hali zake zinatumwa kwa kila mgeni. Kwa wageni wanne walio kwenye laini ya simu, anza na ndege 8 hadi 12 za namna hiyo, uongeze taratibu. Vifaru vinavyotembea na meli zenye mizinga navyo vinalemea. Majengo na magari yaliyoegeshwa hayadai kitu kikubwa.

Ukifungua faili la misheni lenye mwisho wa `.mis` kwa programu ya maandishi, utaona kwamba makundi ya ndege yana mstari wa `OnlyAI 1` pale ambapo binadamu haruhusiwi. Hakikisha makundi ya adui yana mstari huo, la sivyo mgeni asiyejua atachagua kuwa adui. Makundi yenu yasiwe nao. Faili, pamoja na mwenzake wa `.properties`, likae `Missions\Net\Coop`. Likiwa folda nyingine halitaonekana kwenye orodha. Wageni hawahitaji kulinakili, gemu inawapelekea, mradi ramani wanayo.

Usiku wa kuruka

Nusu saa kabla, kila mgeni ampigie mwenyeji `ping -n 200` kwa anwani ya mtandao pepe. Usisome wastani peke yake. Wastani wa 60 wenye kilele cha 80 ni mzuri. Wastani wa 45 unaoruka hadi 600 ni mbaya kuliko 120 iliyotulia. Upotevu wa pakiti ukizidi asilimia 2, huyo asiwe mwenyeji.

Simamisha masasisho ya Windows, zima nakala za picha za simu zilizo kwenye waifai hiyo. Upande wa kupakia ndio unaojaa kwanza, na hauonekani kwa anayeangalia spidi ya kushusha. Saa 2 hadi saa 4 usiku minara hulemewa. Saa 5 mara nyingi hali inakuwa nyingine kabisa. Anayetumia ruta ya laini aisogeze dirishani na kuiunganisha kompyuta kwa waya. Ruta nyingi ndogo zinatumia volti 12, kwa hiyo UPS ndogo ya volti hizo inamwokoa mwenyeji umeme ukikatika kidogo, maana laptopu ina betri yake ila ruta haina.

Na vumbi la Dodoma halisamehe. Laptopu ya mwenyeji inahesabu ndege zote; feni ikiziba, kichakataji kinajipunguza kasi, na wageni wanaona adui wanagandaganda ilhali pingi ni nzuri. Wataulaumu mtandao. Safisha feni kila mwezi wakati wa kiangazi.

Ikikataa, soma dalili

Mgeni haoni seva kabisa lakini pingi inajibu: ni faiawoli ya mwenyeji au `localHost`. Pingi nayo haijibu: mtandao pepe wenyewe haujakaa, acha gemu urudi nyuma hatua moja. Anaiona, anaingia, anatolewa papo hapo: matoleo au modi hazifanani. Anatolewa wakati wa kupakia misheni: rangi za ndege, au laptopu yake ni nzito kupakia ramani, mwenyeji amsubiri. Anatolewa katikati, kila mara yeye yuleyule: angalia `[MaxLag]`, kisha joto la kompyuta yake. Wote wanaruka-ruka kwa pamoja: mwenyeji, upande wa kupakia. Mmoja tu anarukaruka: laini yake.

Wanaoruka gemu nyingine za umri huo wanaweza kutumia mtandao pepe huohuo. Flight Simulator 2004 inahitaji DirectPlay, kipengele cha zamani cha Windows cha kuunganisha gemu, ambacho kwenye Windows 10 na 11 kimezimwa. Kiwashe ndani ya vipengele vya Windows, chini ya vipengele vya zamani, na ufungue pia poti 6073 ya UDP. Flight Simulator X ilipoteza ukumbi wake wa kukutania huduma ya GameSpy ilipofungwa Mei 2014, ila kuunganisha kwa anwani ya IP kunabaki. FlightGear ni bure, inatumia UDP poti 5000, na mtu anaingia na kutoka apendavyo kwa sababu kila kompyuta inarusha ndege yake na kutangaza tu mahali ilipo. Misheni ya pamoja yenye adui wa kompyuta haina, na ndiyo sababu watu wanavumilia adha zote hizi za IL-2.